Besidei ya mtoto wa miaka mitatu Mtwara: mtu wa vazi la katuni kutoka Dar, niite au niache?

mama_wa_Chuno

Wadau habari za jioni. Naomba ushauri wenu hasa mlio huku kusini. Mwanangu wa kwanza anatimiza miaka mitatu mwisho wa mwezi wa kumi na moja, na msimu huu korosho zimelipa kidogo upande wa baba yake kwa hiyo tumesema tumfanyie kitu hapa hapa nyumbani, watoto wa majirani na wa ndugu kama ishirini hivi, keki, pilau, maputo, muziki kidogo basi. Sasa nimeona ukurasa Instagram wa watu wa Dar wanaokodisha yale mavazi makubwa ya katuni, mtu anavaa mwili mzima na kichwa kikubwa anakuja kucheza na watoto na kupiga nao picha. Wana simba, wana dubu, wana panya. Mwanangu kwa simba humwambii kitu, akiona picha ya simba hata kwenye kiroba cha unga ananguruma.

Nimeongea nao, bei ya saa moja yenyewe sio mbaya ila kwa kuja Mtwara wanataka nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, pa kulala na chakula, ukijumlisha inapita keki na pilau kwa pamoja. Baba yake kasema sawa kama mimi nimeridhika. Aliyenitia wasiwasi ni mama mkwe, kasema mtoto wa umri ule ukimletea jinyama uani atalia mpaka homa impande. Na kweli kuna duka lilifunguliwa mjini wakaweka mtu kavaa vazi la dubu nje anapungia wapita njia, mtoto alinikaba shingo hataki hata tupite upande ule.

Sasa nauliza, kuna aliyewahi kumwita mtu wa hivi kwa mtoto mdogo kama wangu? Alifurahi au ilikuwa vilio? Na kuna mtu Mtwara au Lindi mwenye mavazi hayo ili niepuke gharama za Dar? Nataka afurahi kweli, sio tupate picha tu.

dada_keki

Dada yangu hongera kwa kukuza. Mimi natengeneza keki na kupamba hapa Mtwara, mara nyingi nabaki kwenye shughuli mpaka keki ikatwe kwa hiyo haya nimeyaona kwa macho. Hawa wa mavazi wanaenda vizuri sana na watoto kuanzia miaka mitano sita, hao wanajua kabisa kuna mtu mle ndani na raha yao ni kumvuta mkia. Wa miaka miwili mitatu wengi wanakimbilia kwenye gauni la mama. Na mwenye besidei ndo analia kuliko wote kwa sababu kila mtu anamsukuma yeye mbele, "nenda kampe mkono, nenda bwana", huku simu zote zinamrekodi.

Kama utaita basi kuna mambo ya kuwauliza kabla ya kutuma hata shilingi. La kwanza msaidizi. Mtu akishavaa kile kichwa anaona kwa kupitia mdomo au kwa kitambaa chenye matundu kwenye macho, pembeni haoni, chini karibu na miguu yake haoni kabisa, na watoto wako ndo wako huko chini. Kwa hiyo hao watu wawili wanaotaka nauli sio wizi, yule wa pili ndo macho yake, anamshika mkono na kuzuia watoto wasikanyagwe. Akikwambia anakuja peke yake kataa, au weka kijana wenu mmoja mwenye akili asimame naye muda wote.

La pili joto, hapa watu wa Dar wenyewe wanalichukulia poa. Mwezi wa kumi na moja Mtwara joto linapita nyuzi 30 na unyevu wa bahari juu yake, vazi lenyewe ni sponji na manyoya ya bandia, hewa haipiti. Mtu anayecheza mle ndani anatakiwa akae dakika kumi na tano, ishirini mwisho, halafu aende chumbani avue kichwa anywe maji apigwe feni ndo arudi. Ile "saa moja" unayolipia usifikiri ni saa moja ya kurukaruka uani. Muandalie chumba cha kubadilishia chenye mlango unaofungika maana mtoto akimkuta kichwa kiko pembeni anafuta jasho shughuli imeisha. Kuna yale mavazi ya kujaza upepo yenye feni ndogo ya betri, hayo mepesi kidogo ila betri ikiisha simba ananywea katikati ya watoto.

Tatu uliza linafuliwa lini na vipi. Manyoya yanakaa na vumbi na jasho la watu, ukiwa na mtoto mwenye pumu hapo ni kumtafutia shida.

Na muda, usiweke saa nane mchana. Weka saa kumi, jua limepungua, upepo wa baharini unaingia, na mmalize kabla ya adhana ya magharibi watoto wawe na nguvu ya kurudi makwao.

mtu_wa_Tandahimba

Mi nashauri hiyo hela mnunulie mtoto mbuzi jike, akifika darasa la kwanza ana kundi lake. Ila hongereni, kulea kazi.

mwalimu_awali

Dada mimi nafundisha darasa la awali Lindi mjini, nina watoto wa miaka mitatu mpaka mitano kila siku, naomba niongezee kwa nini wanaogopa maana ukijua sababu utajua la kufanya.

Mtoto wa umri huo anamsoma mtu kwa uso. Anakuangalia macho na mdomo ajue umekasirika au unacheka. Sasa unamletea kitu chenye mwili wa mtu, kinatembea kama mtu, ila uso haubadiliki, macho makubwa hayapepesi, mdomo umekenua muda wote, hana pa kusoma. Halafu mpaka wa maigizo na kweli kwake bado haujakaa sawa, ukimwambia "ni mtu tu yule" anakuelewa kwa dakika moja kisha akiangalia tena anaona simba. Na ukubwa wake. Mtoto anayenguruma kwenye picha ya kiroba anamtawala yule simba kwa sababu ni mdogo na hatembei. Huyu wa kuja uani ni mara mbili ya baba yake.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Asubuhi ya siku yenyewe, nyumba ikiwa bado imetulia, kichwa cha simba kiwekwe mkekani, mtoto akione hakina mtu, akishike, atie mkono mdomoni, akivae mwenyewe kama kinaingia. Halafu mtu atakayevaa aje na nguo zake za kawaida, aongee naye, acheze naye hata mpira kidogo, ndo aanze kuvaa mbele yake kipande kimoja kimoja, miguu, mikono, mwisho kabisa kichwa, huku anaongea naye kwa sauti ile ile. Wengine watasema unaharibu uchawi wake. Kwa mtoto wa miaka mitano labda, kwa wa mitatu kuona mtu akivaa ndo raha yenyewe, ataomba avue avae tena.

Na akishavaa asimfuate mtoto. Akae chini pale pale, mtoto ndo aende akitaka. Asibebwe, asipakatishwe kwa ajili ya picha. Akianza kulia simba ndo arudi nyuma aondoke, sio mama amsogeze mtoto "azoee". Hapo nasisitiza sana jamani, nawapokea watoto shuleni ambao ukileta hata kinyago cha karatasi kwa ajili ya wimbo wanaingia chini ya meza, na ukimuuliza mzazi anakwambia alishikiliwa kwa nguvu kwenye pati fulani ili picha itoke.

Na mgeni huyo asiachwe peke yake na mtoto yeyote, hata akiwa mtu wa kampuni. Kuvaa vazi sio kitambulisho.

mama_wa_Chuno

Asanteni sana, nasoma moja moja. Mwalimu umenigusa, hilo la uso usiobadilika sikuwahi kuliwaza. Watu wa Dar nimewauliza kama wanaweza kuvaa mbele ya mtoto wamesema hapana, sera yao mtoto asimwone mtu bila kichwa. Na dada keki nimeuliza kuhusu joto wakaniambia "wamezoea". Bado sijatuma kianzio.

mjomba_wa_Nanyamba

Wanangu salaam. Mimi nina umri kidogo, nimekulia uwanda wa Makonde upande wa Newala, na naona mnaongea habari hii kama ngeni wakati kwetu mtu mwenye sura ya bandia yupo tangu enzi, lipiko. Vijana mliowahi kwenda tamasha la MaKuYa, lile la ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao hapo mjini, mliona mapiko yakichezwa mkapiga picha mkapita, ila sisi tulikimbia. Kinyago cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwa kizima, mwili wote umefungwa nguo, hata kidole chake hukioni. Zamani kina mama na watoto ambao hawajaingia jando hawakutakiwa kujua ndani mna mtu, waliambiwa ni mzimu umetoka. Mtoto wa kiume siri hiyo aliipata jandoni, anaonyeshwa aliyemkimbia miaka yote ni mjomba wake.

Sasa sikiliza binti yangu. Lile lilikusudiwa kutisha, na wazee walijua nini kinatisha. Haliongei. Halionyeshi ngozi. Linatokea ghafla na kukurupuka kuelekea watu. Wewe chukua kila kimoja ukigeuze. Simba wako aongee, mikono yake ionekane ni mikono ya mtu, atokee mbali mtoto akimwona tangu getini, aje polepole akae chini. Anayosema mwalimu ndo hayo hayo, tofauti yake yeye kayapata darasani.

Na kuna kitu kimoja cha lipiko usikigeuze, kichukue kama kilivyo. Lipiko halichezi bila ngoma. Ngoma zikilia linacheza, zikinyamaza linasimama. Mwenye ngoma ndo mwenye amri. Basi mpe mtoto ngoma, hata kopo la maziwa na kijiti. Akipiga, simba acheze. Akiacha, simba agande pale pale hata mguu mmoja ukiwa juu. Mara mbili tatu tu mtoto ataelewa kwamba yule mnyama mkubwa anamtii yeye. Nimewafanyia wajukuu zangu na mzee wao mimi nikiwa nimejifunika shuka tu, hawakuogopa, waligombania kopo.

fundi_Mikindani

Mama wa Chuno mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na nguo za ngoma za vikundi hapa. Vazi la simba la mtoto wa miaka mitatu kumfurahia halihitaji kutoka Dar, tena kwa maelezo ya mwalimu na mjomba lile la Dar ndo halifai.

Nikuelezee ninavyoliona. Suruali na shati pana la kitambaa cha pamba rangi ya haradali, pamba tupu usikubali ya nailoni mvaaji ataungua. Mkia unashonwa kwa kitambaa hicho hicho ndani unajaza vipande vya sponji, pale kwa mafundi godoro wanauza mabaki kwa bei ndogo. Manyoya ya kichwani usitumie katani, watu watakwambia tumia katani kwa sababu inaonekana vizuri kweli, ila inawasha shingoni na mtoto akishika inamchoma. Tumia uzi wa kufuma, kahawia na njano, unakata urefu wa kiganja unafungia kwenye kofia inayokaza kidevuni. Masikio mawili ya sponji juu. Uso unabaki wazi, kabisa, unachora pua nyeusi na masharubu kwa wanja basi. Glavu za nini, mjomba kasema mikono ionekane.

Hapo mvaaji anaona anapokanyaga, anapumua, anaongea, anaweza hata kula pilau na watoto. Na mkimvalisha ndugu yake anayemjua, mtoto akiogopa kofia inavuliwa sekunde moja ndugu yake huyu hapa. Gharama yake ni vitambaa na ufundi, mbali kabisa na hizo nauli, na vazi linabaki la kwenu. Mwaka kesho mdogo wake analikuta.

kaka_Mtuleni

Naongezea la hela kwa wengine watakaosoma hapa wakiwa bado wanataka wa kukodi, maana wapo wazuri pia na watoto wakubwa wanawafurahia. Kwa shemeji yangu hapa Lindi waliita watu, jina silitaji, picha za mtandaoni simba anang'aa manyoya kama ya kwenye matangazo ya Marekani, aliyeshuka kwenye basi ana begi lenye simba amepauka jicho moja limelegea linaning'inia. Watoto wakubwa walicheka, wadogo walilala na taa inawaka wiki nzima. Walishalipwa zote.

Kwa hiyo omba wakupigie video ya vazi lenyewe siku hiyo hiyo, mtu alivae ageuke huku anataja jina lako, sio picha. Toa kianzio kisichozidi nusu, na kabla ya kubonyeza tuma angalia jina linalotokea kwenye simu linafanana na la mliyeongea naye. Nyingine ibaki mpaka amalize. Na kama wanatoka Dar waambie walale Mtwara usiku wa kuamkia shughuli, wasisafiri siku yenyewe, ile barabara ni zaidi ya kilomita 500 na mvua zikianza hujui. Mwaka 2024 tulivyokatikiwa barabara pale Somanga, Kilwa, watu walikwama njiani, na ilikuwa mwezi wa tano ambao ulitakiwa mvua ziwe zinaisha.

Na muziki ukiwa mkubwa mwambieni mwenyekiti wa mtaa mapema. Ni dakika tano na inaepusha maneno.

mama_wa_Chuno

Jamani nimekaa na baba yake tumesoma yote, na mama mkwe nimemsomea la mjomba akacheka mpaka akakaa chini, kasema na yeye alikimbia lipiko akapoteza ndoo kisimani. Tumeamua, wa Dar nimewashukuru nikawaambia labda akifika miaka sita. Simba atakuwa mdogo wangu wa kike, mtoto anampenda kuliko mimi, na ana kipaji cha kucheza. Fundi nakuja kwako kesho kutwa na mdogo wangu upime.

Tutafanya kama mwalimu alivyosema, kofia itakaa mkekani tangu asubuhi. Kopo la maziwa lipo. Mwalimu nina swali moja, wale watoto wengine ishirini wengine wana mwaka mmoja na nusu, na wote watataka kopo. Nafanyaje?

mwalimu_awali

Makopo manne yanatosha, usiweke moja wala usiweke ishirini. Wagawe makundi, kila kundi lipige kwa zamu kuanzia la mwenye besidei, wanaosubiri zamu wawe simba wagande pamoja na simba mkubwa, hapo hakuna anayekaa bure. Wa mwaka mmoja na nusu wakae mapajani kwa mama zao pembeni, wao kelele za makopo zinawatosha. Na vijiti viwe vifupi, vya unene wa kidole gumba, ncha uzifunge kitambaa.

dada_keki

Keki basi tuachane na ile ya ghorofa. Ntakupigia kichwa cha simba cha bapa, manyoya ya krimu rangi ya haradali ifanane na kitambaa cha fundi, fundi nitumie kipande cha sampuli WhatsApp. Ila krimu kwa joto hili haitoki kwenye friji mpaka saa kumi na moja kasoro, kwa hiyo ngoma ianze, keki ifuate, picha mwisho.

fundi_Mikindani

Sampuli nimeshakata. Mama wa Chuno njoo kabla ya saa sita, mchana huwa nakwenda kuswali. Mdogo wako aje na viatu atakavyocheza navyo, urefu wa suruali naupima na viatu asije akajikanyaga.